Hamza na utafiti ambao haupo duniani

Salha uko wapi?? Hamza ameumbuka mbele ya jopo sasa hivi. Niko nje ya ukumbi, mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Yaani kasimama na tai yake nyekundu, anatetea andiko lake la vidonda vya miguu kwa wagonjwa wa kisukari. Eti, "Nimetafuta kwenye database zote za uuguzi. Hakuna utafiti kama huu duniani."

DUNIANI, Salha!

Dk. Mwanahawa, mwenyekiti wa jopo, akamuuliza kwa upole, "Ulitafutaje, mwanangu?"

Jamaa akaonyesha kwenye skrini. Kumbe kwenye kisanduku cha kutafutia alibandika kichwa chote cha andiko lake, kuanzia "changamoto zinazowakabili" mpaka "wakulima wa mpunga wa Bahi", kwa Kiingereza chake kile. Majibu sifuri. Sasa nani mwingine angeandika sentensi ile neno kwa neno?

Mama mwenyekiti akavuta kibodi. Akaandika maneno matatu tu kwa Kiingereza: kisukari, mguu, Tanzania. Ukurasa ukajaa! Utafiti wa tatu kutoka juu: wakulima wa mpunga, Bahi. Mwandishi? Mwanahawa. Yeye mwenyewe!!

Na bado Hamza hana haya. "Samahani Daktari, labda haukusambazwa vizuri."

"Umesomwa mpaka Brazili," mama akamjibu. "Kwako tu ndiko umeshindwa kufika."

Nimecheka mpaka machozi. Halafu kicheko kikakatika ghafla, shoga.

Kesho ni zamu yetu, mimi na wewe. Na sisi tumeandika "hakuna utafiti duniani". Aliyetutafutia nani?

Hamza.