Utomvu wa Papai Nilioutia Gongo

Mukendo, Musoma
9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Nyangi,

U hali gani huko Ujerumani? Kifua kimepoa, au baridi bado inakukohoza? Sisi tunamshukuru Mungu. Mama ni mzima, ila meno yaliyobaki ni ya kuchekea wageni tu.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu mama anaiwekaga sauti kubwa, na haya hayamhusu. Nampa Leodgar wa Nyegina, anarudi chuoni kwenu wiki hii.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Waongo hao! Wewe haupo na lako lipo mezani kila siku. Nyangi kasema tunywe maji mengi. Nyangi anasomea vimeng'enya, vile vitu vya kwenye miili na mimea vinavyosaga chakula tumboni. Mimi nafua, napika, nampeleka mama kliniki, na jina langu linaitwa chumvi ikizidi. Nina wivu, mdogo wangu. Bora niseme.

Kitu kimoja tu kilikuwa changu. Nyama ya ng'ombe mzee, ile ya kutafuna mpaka taya ziume, nikiipaka utomvu wa papai bichi inalainika, mama anaila kwa ufizi. Alikuwaga anawaambia majirani, "Huo ni mkono wa Jenipher." Siku ile ukamweleza kwenye simu kwamba anayefanya kazi ni kimeng'enya cha papai. Mama akacheka, "Kumbe ni papai!" Nililia jikoni, na wala sikuwa nakata kitunguu.

Ndipo nikataka nikuonyeshe. Ulisema huko maabara mnaweka vimeng'enya kwenye vileo na vimiminika vya jamii ya petroli, na vingine vinadumu humo kuliko kwenye maji. Nikasema, hata mimi naweza. Maana utomvu kwa joto hili ukilala tu unanuka. Mtoto wa shangazi Agness alikuwa anapata kipaimara kule Butiama, na dume zima limechinjwa. Nikakinga utomvu mapema, nikautia kwenye chupa ya gongo iliyotoka Manyamanyama, nikaenda nayo kifua mbele, nikaipaka nyama.

Weee, Nyangi! Nyama ilikuwa kandambili. Wazee walitafuna mpaka wakasalimu amri. Mama akaitoa mdomoni, akaiweka pembeni ya sahani, akasema mbele ya watu wote, "Angekuwepo Nyangi, angejua."

Nilipokupigia ulinieleza bila kunicheka. Kwamba kimeng'enya kina umbo lake, na yale maji kidogo yanayokizunguka ndiyo yanayokipa nguvu ya kufanya kazi. Kwenye kileo kikavu kabisa, kisicho na tone la maji, kimeng'enya kinakakamaa, kazi inapungua sana ila hakiharibiki upesi. Gongo yangu, nusu maji nusu kileo, ndiyo mbaya zaidi, humo umbo linalegea na kupotea. Na vile vya jamii ya petroli havichanganyiki na maji, kwa hiyo vinakiachia maji yake. Nilielewa yote, na huko kuelewa ndiko kulikoniuma. Hesabu za shule nilikufundisha mimi. Baba alipougua mmoja alitakiwa abaki nyumbani, na mimi sikuulizwa.

Shangazi Agness anakusalimu sana. Mzee Onesmo naye anakusalimu, anasema taya bado zinamuuma. Msalimie Diana unayekaa naye, mwambie asikuache ulale njaa ukiwa kwenye chupa zako za maabara.

Nimesikia Desemba unakuja. Njoo, nakungoja, wivu haujanizuia kukukumbuka. Ila nakuomba neno moja. Siku hiyo nitapika ile nyama, kwa utomvu wa asubuhi hiyohiyo, bila gongo. Mama akiila, akakugeukia wewe akuulize imelainikaje, tafadhali Nyangi, wewe unayejua yote, mwambie hujui.

Mungu akulinde njia nzima mpaka mlangoni kwetu.

Dada yako akupendaye hata akikuonea wivu,
Jenipher