Nia ya Mama wa Nyumba Hii

Jumatano, 18 Februari — Majivu

Asubuhi unga kwenye nyusi, jioni majivu kwenye paji. Mwenzangu wa pale kwenye tanuri, ambaye si Mkatoliki, alishanitania kabla hata sijaenda misa: nyie mwaka mzima ni watu wa kujipaka tu. Nikamwambia ageuze mikate, inaungua.

Mama amerudi kutoka kwenye sala za jumuiya yetu ya mtaani amenyoosha mgongo kama mtu aliyepandishwa cheo. Katangaza: Kwaresima hii anafunga. Si Majivu na Ijumaa Kuu tu — kila siku mpaka Pasaka, isipokuwa Jumapili. Mlo mmoja, jua likishazama. Mama! Mwenye sukari! Mwenye vidonge vya asubuhi ambavyo daktari alimwambia huku anamwonyesha kidole: "Hivi havimezwi tumbo tupu, bibi."

Nikamuuliza anafunga kwa nia gani. Akasema nia ni siri ya mtu na Mungu wake.

Nikamkumbusha kwamba Kanisa lenyewe limewasamehe wagonjwa na wazee, katekista alitufundisha hivyo tangu tukiwa wadogo. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Mzee nani?"

Ijumaa, 20 Februari

Nimekijua chanzo. Mama Novena! Mwenyekiti wa jumuiya yetu — tunamwita hivyo kwa sababu novena moja ya siku tisa haijaisha keshaanza nyingine. Kumbe juzi aliwazungusha watu wote, mmoja mmoja, kila mtu aseme mbele ya wenzake amejinyima nini. Mmoja kaacha soda. Mwingine kaacha tamthilia. Ilipofika zamu ya mama, Mama Novena akasema mtu mwenye jambo zito nyumbani haachi soda, anafunga.

Jambo zito gani? Nyumba hii tuko wawili, mimi na mama. Paa halivuji.

Nimemfuata mpaka kwake. Nikamweleza habari ya sukari kwa adabu zote. Akanishika bega: "Mwanangu, hata mashahidi walikuwa na magonjwa yao." Na yeye amejinyima nini? Kijiko cha tatu cha sukari kwenye chai. Cha tatu! Viwili vipo palepale.

Alhamisi, 26 Februari

Mikono ya mama inatetemeka akifunga vifungo vya gauni. Nikitaka kumsaidia ananipiga kikofi.

Nimemletea mkate wa maziwa, ungali na moto. Ameunusa — nimemwona! — akaufunga kwenye kitambaa, akauweka kabatini. Vidonge lakini anameza, na maji matupu. Daktari alisema ndiyo hatari yenyewe: dawa inashusha sukari, na chakula cha kuipandisha hakuna. Nimefoka. Akasema sauti hiyo niiweke mpaka baada ya Kwaresima.

Mpaka baada ya Kwaresima! Akiwa wapi?

Ijumaa, 6 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Leo Njia ya Msalaba ya jumuiya ilikuwa kwetu. Tulihamisha makochi, tukaazima mkeka, nikaweka mshumaa mezani na kitambaa cha zambarau. Watu wakajaa mpaka kibarazani. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni, na vikombe vya maji. Kituo cha kwanza, cha pili, tunapiga magoti, tunasimama. Halafu nikamwona anaingia. Kachelewa kidogo, kavua viatu, kainama kwa unyenyekevu. Yule bwana!

Yule bwana ni mume wangu. Wa kanisani, pete na cheti. Mwaka jana niliondoka kwake na begi moja. Mama nilimwambia tu kwamba hatukuelewana. Jino la mbele lililokosekana nikamwambia niliteleza bafuni. Alicheza sana kwenye harusi ile, mama yangu. Sikuwa na mdomo wa kumwambia zaidi.

Na jumuiya yake si hii! Nani kamwalika?

Kituo cha tano. Simoni wa Kirene anamsaidia Yesu kubeba msalaba. Mama Novena akafunga kitabu, akamsimamisha yule bwana katikati ya mkeka wetu. Akatangaza kwamba kwenye Njia ya Msalaba ya kuigiza, Ijumaa Kuu, parokia nzima barabarani, Simoni atakuwa ndugu yetu huyu. Watu wakapiga makofi. Halafu, kwa sauti ileile ya matangazo: "Na sasa tuungane na nia ya mama wa nyumba hii, anayofungia Kwaresima yote: binti yake arudi kwa mumewe kabla ya Pasaka."

Siri ya mtu na Mungu wake!

Wote wakapiga magoti. Mama pia, kwa shida, kashika kiti. Yule bwana akainamisha kichwa akasema polepole, lakini si polepole mno: "Mimi nilishamsamehe."

Alishanisamehe. Mimi!

Nilibaki nimesimama peke yangu na trei. Nikasikia sauti yangu inasema: "Basi ongezeni na nia ya pili. Jino langu nalo lirudi."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaacha. Mama Novena akapandisha wimbo, haraka, juu mno, hakuna aliyeufikia. Vituo tisa vilivyobaki vilisaliwa mbio kama watu wanaokimbia mvua. Yule bwana sikumwona anaondoka, nilikuta viatu vyake havipo.

Jumamosi, 7 Machi

Mchana mama alinikuta jikoni, akavuta kiti. Halafu:

"Uliniambia uliteleza."

"Ndiyo, mama."

"Bafuni."

"Ndiyo."

Akaniomba nifungue mdomo. Mtu mzima na mwajiriwa, nimekaa kwenye kiti cha jikoni nimeachama, mama yangu anachungulia kama ananunua ng'ombe. Akanipapasa shavu. Akaingia chumbani.

Nikajisemea, sasa yameisha. Atakula. Nikapika uji, nikautia maziwa. Kagonga kioo cha dirisha kwa kidole: jua halijazama.

Jua halijazama!! Nimekunywa uji wote mimi mwenyewe, kwa hasira, mpaka tumbo likauma.

Jumanne, 10 Machi

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda kwa Paroko. Ni mtu mwema, hilo nakubali. Alinipa kiti, akafunga mlango, akasikiliza. Kuhusu mama akasema hapana, mgonjwa hafungi, na atalisema. Asante.

Kuhusu Simoni wa Kirene akaanza kukuna kidevu. Kamati ilishapanga. Mazoezi yameanza. Na msalaba ule ni mzito, yule bwana ana mabega.

Mabega! Nayajua mabega yake kuliko kamati.

Akasema, binti yangu, Kwaresima si wakati wa kuhukumiana. Nikamuuliza: tuhukumiane lini basi, Padre, Novemba? Akatazama saa ya ukutani. Nilitoka nikaupigiza mlango, halafu nikarudi kuomba radhi kwa mlango. Kwa Paroko sikuomba.

Jumapili, 15 Machi

Jumapili ya Furaha. Paroko kavaa kanzu ya rangi ya waridi. Katika mahubiri kasema wazi: wazee na wagonjwa wasifunge, Mungu hataki maiti, anataka moyo. Nikamfinya mama kiwiko. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Tulipotoka akasema, "Umesikia? Wale wazee wa benchi la mbele wanajitesa bure."

Leo ni Jumapili, kwa hiyo kala. Mikate miwili na yai! Nimekaa kumtazama anatafuna, machozi yananilenga. Kesho tunaanza tena.

Jumapili, 22 Machi

Sanamu zote kanisani zimefunikwa vitambaa vya zambarau. Mama Novena alikuwa anazunguka na watu wa usafi, anavuta kitambaa huku, anabana pini kule. Aliponiona akaninong'oneza kwamba jambo la jino si la kusemwa mbele za watu. Ndoa ni uvumilivu.

Nikamwambia: la kutangazwa kwa makofi ni lile la kurudi, la jino lifunikwe kitambaa. Akasema nina ulimi. Ninao. Ndicho kitu nilichobakiwa nacho kizima mdomoni.

Jumatano, 1 Aprili

Mama kapungua mpaka pete inacheza kidoleni. Kazini nimeunguza trei nzima ya skonzi, nikapewa onyo. Jioni nikampigia magoti. Kweli, magoti, sakafuni. Nikasema mama, nimekwambia ukweli wote, huyo mtu sirudi kwake, Pasaka hii wala nyingine. Unafungia nini tena?

Akasema nia ameibadilisha. Tangu ile Jumamosi.

Ameibadilisha kuwa nini?

"Nia ni siri ya mtu na Mungu wake."

Nilicheka kicheko kibaya. Nikasema ya kwanza ilisomwa sebuleni mbele ya jumuiya nzima! Akasema ndiyo maana hii ya pili hakumwambia mtu, hata Mama Novena.

Nikamwambia hata mimi sikuulizwa. Si ya kwanza, si ya pili. Akasema mama haombi ruhusa ya kumwombea mwanawe. Labda. Lakini hata kazini mtu hakati mkate wa mteja kabla hajamuuliza anautaka mkubwa au mdogo.

Ijumaa, 3 Aprili — Ijumaa Kuu

Niko zahanati, kwenye benchi kando ya kitanda cha mama. Daftari lilikuwa kwenye mkoba. Nisipoandika nitapiga mtu.

Kwa mpangilio, basi.

Mama alikataa kubaki nyumbani. Jua kali, barabara nzima imejaa. Askari wa Kirumi na kofia za maboksi, Yesu yule kijana wa kwaya, Mama Novena na spika ya mkononi. Mama nilimshika mkono. Kituo cha nne akaanza kutoka jasho la baridi. Nikamwambia turudi. Akasema bado kimoja.

Kituo cha tano. Yule bwana akatoka kwenye umati na kanzu ya kahawia. Kajipaka mafuta, kang'aa! Akainama kuupokea msalaba. Mkono wa mama ukachomoka mkononi mwangu, sijui nguvu alizitoa wapi. Alitembea mpaka katikati ya barabara, akauwekea msalaba kiganja. Hakupiga kelele. Lakini spika ya Mama Novena ilikuwa pale pale, imewashwa, na mtaa mzima ukasikia:

"Huo weka chini. Kwanza umwombe msamaha mwanangu. Hapa hapa. Hicho ndicho nilichofungia."

Askari wa Kirumi walitazamana. Yule bwana alitazama mabega yake. Akasema, "Mama, si mahali pake hapa." Na mama akakunjika, taratibu, kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Ni Yesu aliyemdaka. Aliuachia msalaba ukaanguka, akamdaka mama yangu. Kijana yule sitamsahau.

Sukari imeshuka vibaya, kasema nesi. Dripu imemzindua. Lakini lazima ale sasa, la sivyo inashuka tena. Nina kikombe cha chai na kipande cha mkate. Mama kafumba mdomo. Paroko kaja na mavazi yake mekundu ya ibada, kapiga magoti, kamwambia mama kwa jina la Kanisa zima ale. Mama kasema ni Ijumaa Kuu. Paroko kasema hata hivyo. Mama kasema atakula yule akishaomba msamaha, kabla ya hapo asilazimishwe.

Na yule yuko nje! Mama Novena kamleta. Bado kavaa kanzu ya kahawia. Namsikia Mama Novena hapo koridoni anamwambia nesi kwamba yule bwana yuko tayari, aseme neno moja tu halafu na mimi nilegeze moyo, Pasaka itukute pamoja. Neno moja tu! Na mimi ndiye wa kulegeza!

Siutaki msamaha wake. Naandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kusema. Siutaki barabarani, siutaki wodini. Nataka mama yangu ale mkate. Na mama yangu hali mkate mpaka nipewe nisichokitaka. Mapenzi gani haya?

Nesi kaingia. Kafunga mlango nyuma yake, kauegemea kwa mgongo, kauliza kama yule wa koridoni aingie. Mwanamke mfupi, simfahamu, sijui hata anasali wapi. Paroko alitaka kumjibu, nesi akamwonyesha kiganja: hapana, si wewe. Mama akafungua mdomo, nesi akamwambia, bibi pumzika.

Ananiuliza mimi. Mimi ninataka aingie au asiingie.

Chai bado ina moto kidogo. Mama ananitazama. Nimemwambia nesi anipe dakika moja, na anasubiri, mgongo wake bado uko mlangoni. Naweka kalamu chini, nimjibu.