Redio ya Mkwe Imepona

Faudhia, acha hayo maharage usome hii kwanza.

Unaijua kompyuta ya kaka Luhaga, ile ya kutazamia filamu sebuleni. Hadidiski zake zote, zile za kuhifadhia filamu, kazipachika ndani ya redio kubwa ya mbao ya baba mkwe wake, ile iliyokufa. Vitaa vinamulika mbele, imependeza kweli.

Leo mkwe katokea Mwamapalala bila taarifa. Kaiona inawaka. "Kumbe umeiponya."

Umeiponya, Faudhia. Na mkwe habishiwi. Luhaga kainamisha kichwa: "Ndiyo, baba." Akafungulia stesheni ya redio kwenye kompyuta kimyakimya, spika iliyo nyuma ya kabati ikasoma matangazo ya vifo. Mzee machozi yakamlenga.

Halafu kasema anarudi nayo nyumbani.

"Ndiyo, baba."

Ndiyo, baba, na video ya harusi ya watu imo mle, wanaitaka Jumamosi. Luhaga kachomoa nyaya mwenyewe, kaifunga kwa kitenge, kambebea mpaka stendi.

Sasa mzee kapiga simu. Redio imefika salama, ila haisemi, Luhaga aje aitazame.

Luhaga yuko dukani kwa Salimu, anatafuta redio ndogo itakayoenea ndani ya redio.