Somo la Piko

Chuoni, Mombasa
15 Januari 2024

Shangazi yangu Bi Mishi,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Nakuandikia barua kwa sababu kila nikikupigia simu una mkono wa mtu unaupaka hina.

Unajua wanafunzi wangu wa sayansi ya tiba wanavyonichosha. Wanataka habari za damu na figo. Kemia wanaiona adhabu. Basi wiki iliyopita mimi na Mwalimu Japheth wa biolojia tuliingia darasani pamoja. Yeye akachora ngozi, mimi nikaleta piko, ile nyeusi mnayowachorea maharusi pamoja na hina. Nikawaeleza kuwa ni dawa ya kutia nywele weusi, na chembe zake ni ndogo hata hupenya ngozi. Mwili wa mtu mwingine huzikumbuka kama adui, na akipakwa tena, mkono hutoka malengelenge. Hakuna aliyesinzia! Msichana mmoja, Maimuna, aliuliza maswali mpaka muda ukaisha. Nikawaambia kukoroga piko nimefundishwa na shangazi yangu, Bi Mishi wa Mwabungo. Nilijivuna, wallahi.

Mwanao, Fauzia


Mwabungo
2 Februari 2024

Fauzia,

Marahaba. Mwili mzima, moyo hauko sawa.

Huyo Maimuna wako ni wa hapa hapa, nyuma ya msikiti. Dada yake, Mejumaa, anaolewa kabla ya mfungo, na kazi ya kumpaka nilishapewa mimi. Jana mama yao amekuja kuniondoa. "Mwanao mwenyewe amesema darasani," ndivyo alivyoniambia, nami piko ya bibi harusi nimeshainunua. Wamemtafuta mpakaji wa Ukunda.

Nimepaka maharusi wa Mwabungo na Galu tangu hujazaliwa. Mikono hii ndiyo iliyokusomesha, leo umeifanya mfano wa sumu mbele ya watoto wa watu. Usinipigie.

Shangazi yako, Mishi


Chuoni, Mombasa
20 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. U hali gani? Jumamosi nilikuja nikapiga hodi mpaka nikachoka, na kandambili zako ziko pale nje.

Kukutaja jina nimekosa kabisa, nisamehe. Nilidhani nakusifu, kumbe nakuvunjia heshima. Lakini somo lenyewe siwezi kulifuta. Japheth amenishauri nitafute mfano mwingine, sabuni labda, nimekataa. Wale watoto ndio watakaowapokea watu wenye mikono iliyofura, na wasipoijua piko yenyewe watatibu nini? Hina tupu haina neno, shangazi. Ni piko.

Nakuogopa kuliko mkuu wa idara, unalijua hilo. Nijibu hata kwa matusi. Nimeyakumbuka.

Mwanao, Fauzia


Mwabungo
8 Machi 2024

Fauzia mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Mimi nimo.

Mejumaa ameolewa. Yule mpakaji wa Ukunda alimchora toka vidole mpaka viwiko, na kwa kitu gani? Kwa piko! Fungate haikwisha, mikono ikamfura, malengelenge matupu, mpaka akapelekwa hospitali. Sasa anaendelea vizuri, lakini alama zitakaa. Watu wote hapa walilisikia somo lako, ila walichokishika ni jina langu. Mimi wakanikimbia, piko wakaipokea kwa vigelegele.

Sikufichi, habari iliponifikia nilicheka peke yangu jikoni. Kisha nikaiona ile piko niliyomnunulia, imo kabatini haijafunguliwa. Kicheko kikanikauka. Mkono wa kumchora ungekuwa wangu, na wala nisingesita. Nimeona uchungu, mwanangu, na nimekuonea wewe bure.

Baada ya Idi kuna harusi nyingine, ya Riziki wa Galu. Amesema atapakwa na mimi au na mtu yeyote, bora rangi iwe nyeusi. Wanawake watajaa hapa kwangu. Njoo uwafundishe kabla sijagusa hina, na umlete huyo Japheth na ngozi yake ya kuchora. Ukifika kwenye maneno ya kuniuma, usiyaruke. Nitakuwa nimekaa hapo hapo mkekani.

Shangazi yako, Mishi