Mi nimeacha, nyumba haijaacha

Baraka, Jumamosi. Asubuhi mvua, kisha jua likatoka na haya kidogo, kama muntu aliyechelewa ibada. Matope iko mpaka mulangoni.

Mama Asende anakuja kesho.

Naandika tena nijisomee vizuri: bibi yangu anakuja kesho. Miezi tano iko kwa binti yetu Asende, kule juu Fizi, kwenye hewa ya baridi, na mi niko hapa na sufuria yangu moja. Wenye midomo wanasema muzee alifukuzwa na bibi. Waongo. Bibi ndiye alifukuzwa, na moshi yangu.

Ilianza mu hospitali. Alikohoa muda murefu, akawa anahema kama muntu anapanda mulima, na kumbe ameketi. Dokta, kijana mupole, akamuuliza, "Mama, ulianza kuvuta sigara lini?" Nikamuogopea huyo dokta. Mama Asende ni mama wa kwaya, hata pombe ya ndizi hajaonja. Aliinua kidole polepole, akakileta mpaka kwangu.

"Basi munavuta wote wawili," dokta akasema. "Muzee kwa kinywa, mama kwa pua."

Nikabisha, kubisha ndiyo kazi yangu. Mi ndiye navuta tumbako ya Kilembwe miaka arobaini, mbona bado nalima na sikohoi? Akanijibu moshi haiulizi nani aliwasha. Inaingia mu mapafu na moyo ya kila anayelala mule ndani, na batoto ndio inaumiza zaidi. Na kuvutia dirishani haisaidii, inarudi ndani, inakaa mu nguo na mu godoro.

Nilimukumbuka Asende akiwa mudogo, kila masika kifua kinalia kama filimbi, na sisi tunasingizia upepo ya ziwa. Mi ndiye nilikuwa namupaka mafuta ya mawese kifuani. Sigara iko mudomoni.

Kuna jambo dokta hakuniuliza, na mi sikumuambia. Hapa kando ya ziwa mbu hawana adabu. Wazee walitufundisha moshi ya tumbako inawakimbiza. Watu wa afya walipokuja kutugawia chandarua, mi nikaunganisha akili mbili: kila siku, mbele ya kulala, naingia ndani ya chandarua, nachomeka pembe zote chini ya godoro moshi isitoke, navuta moja yote. Kisha naita, "Mama Asende, njoo, nimekutayarishia." Wanaume wengine wananunulia bibi zao vitenge. Mi nilimupa moshi, na nilijiona bwana mwenye mapendo.

Alikuwa ananiambia asante.

Hiyo asante ndiyo inaniuma.

Toka hospitali yeye akaenda Fizi, mi nikabaki nabisha peke yangu; sasa iko wiki ya saba sijawasha. Wiki ya kwanza nilinuna mpaka mbuzi ya jirani ikahama. Nikapiga simu Fizi kujisifu. Mama Asende akasikiliza yote, kisha akasema, "Nakuja siku ya Mungu. Nitasimama mulangoni. Pikipiki haitazimwa. Kifua kikikataa, narudi nayo."

"Hata chai hutakunywa?"

"Umejifunza kupika chai?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na simu ikakatika.

Shida ni pua yangu. Pua ya mwenye tumbako haisikii tumbako. Kwa hiyo leo nilimuita jirani, Mama Zuhura, muuza ndagala, zile samaki ndogo za ziwa, aje anisaidie na yake. Akasimama mulangoni, akavuta hewa, akatikisa kichwa.

"Muzee, wewe umeacha. Nyumba haijaacha."

Nikamuambia muntu anayeshinda na ndagala asizungumze habari ya harufu.

"Ndagala yangu haijamupeleka bibi ya muntu hospitali," akasema, akajiendea zake.

Basi nimefanya kazi. Godoro iko juani. Ukuta nimepaka chokaa, na mimi pia, kwa bahati mbaya. Chandarua nimefua mara tatu, na mara zote maji ilitoka na rangi ya chai.

Chini ya sanduku kulikuwa na kitenge chake, kile cha maua ya njano. Miezi yote nilikichunga bila kukifua, kwa siku ambayo hamu itanishinda. Leo ilinishinda. Nikafunga mulango, mi muzee mwenye bajukuu, nikaingiza uso ndani nimutafute: sabuni yake, mawese, jasho ya shamba.

Hakuwemo. Ilikuwa tumbako tupu, hata pua yangu iliyokufa iliisikia. Nilimutafuta bibi yangu, nikajikuta mi mwenyewe.

Nacho nimekifua. Iko kwenye kamba, upepo ya ziwa inakipiga.

Kiti chake nimekiweka uani, mbali na mulango, isije ikawa ndani bado inanuka. Chai nitajaribu. Halafu nitasimama pale na kusikiliza ile pikipiki, kama itazimwa.