Kikohozi cha Baba Mkwe

Ipogolo, Iringa
3 Machi 2024

Wifi Bupe,

Kamwene. Sisi hatujambo, kaka yako Ambokile mafua yamemwachia, mimi mgongo ni ule ule wa kuinamia cherehani. Naamini huko Mbalizi mvua haijawafungia ndani na baba ni mzima.

Picha zako za viazi nimezipata. Wifi, viazi tena? Juzi viazi, kabla ya hapo mbegu za viazi, na kabla ya hapo ugonjwa wa viazi. Blogu hii tuliianzisha wote, wewe upige picha huko nyumbani na mimi niandike, tukaiita Jiko la Nyanda kwa sababu jikoni ndiko wanawake wanakoambiana ukweli. Wasomaji wanataka ya ndani ya nyumba: ndoa, wakwe, mawifi. Nimechoka kuandika kiazi kinavyomenywa.

Jumapili naweka habari ya baba mkwe. Tangu nimeolewa kwenu, mzee hajawahi kunitazama usoni. Nikiwa uani naye anatoka shambani, anakohoa, kile kikohozi chake kikavu cha makusudi, kama mtu aliyeona uchafu, halafu anageuza njia. Mwaka juzi alizunguka migombani kwenye mvua kubwa ili tu asipite niliposimama. Kikohozi kile kimeniliza, wifi. Kwetu baba mkwe wa dada yangu anakaa naye sebuleni wanaangalia taarifa ya habari na kucheka. Najua wako wanawake wengi wenye shida kama yangu, nataka wajue hawako peke yao.

Kama una neno, liseme kabla ya Jumapili.

Wifi yako,
Yudith

Mbalizi
5 Machi 2024

Wifi,

Salamu zimefika. Sisi wazima, na mvua ni yetu, tumeizoea.

Neno ninalo, tena moja tu: habari ya baba usiiguse. Andika mapishi ya mbalaga, ndizi zetu. Andika namna ya kutunza maharage yasiliwe na wadudu. Andika hata huo mgongo wako. Umekaa huko barabarani unashonea abiria zipu, halafu unataka kuwaeleza watu nyumba yetu ikoje.

Sababu usiniulize. Ungekuwa wa kwetu usingeuliza, na kama si wa kwetu sina kazi ya kukufundisha. Viazi unavyovidharau vina wasomaji. Mama Tusekile hapa sokoni amebadilisha mbegu kwa ajili ya zile picha zangu. Hao wanaokuja kulia na wewe kesho wanalia kwa mwingine.

Wifi yako,
Bupe

Ipogolo
11 Machi 2024

Wifi,

Habari za huko. Huku tunamshukuru Mungu.

Nimeiweka. Nimeiita "Mzee Asukile na Kikohozi Chake", na juu yake nimeweka ile picha uliyompiga kwa nyuma, amebeba jembe. Tangu jana simu haijatulia. Wanawake wa Njombe, wa Makambako, hata mmoja yuko Oman, wananiandikia visa vya wakwe zao. Mmoja kasema wakwe wa namna hiyo dawa yao ni kuwaacha wazeeke bila uji. Sikumjibu, lakini sikumfuta.

Viazi vyako havijawahi kusomwa na watu wengi hivyo, hilo ulijue. Uliniambia nisiguse, hukuniambia kwa nini. Mimi si mtoto wa kuambiwa nyamaza na kunyamaza. Kama baba yenu ana haki ya kunidharau uani kwake, mimi nina haki ya kusema jikoni kwangu.

Na umenifungia WhatsApp. Sawa. Barua pepe hujui kuzifunga.

Wifi yako, upende usipende,
Yudith

Mbalizi
2 Aprili 2024

Yudith,

Sikuulizi hali yako.

Nimekaa kimya kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi. Leo nakueleza, siyo kwa faida yako.

Mzee Anania, anayesali na baba, alimsomea habari yako kwenye simu, nje ya kanisa, watu wakiwa wanatoka. Alidhani anamfurahisha, maana aliona jina la baba na picha yake. Alivyofika katikati akataka kuacha. Baba akamwambia, "Endelea." Alivyomaliza, baba akamwambia arudie pale penye kikohozi.

Sasa sikiliza. Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani uso kwa uso. Wengi mjini wameacha, baba hajaacha. Yeye anapokuja anakohoa ili mkwe asikie, apate muda wa kujisitiri. Mkwe akiwa hajajisitiri, mzee ndiye anayepisha. Ndiyo heshima yenyewe. Mimi mwanawe wa kumzaa hajawahi kunikoholea. Mke wa Masumbuko hapa jirani hajawahi kumkoholea. Mtu anayekoholewa katika boma hili ni mmoja tu, mkwe wake. Ile siku ya mvua alizunguka migombani na goti lake bovu kwa sababu wewe ulisimama katikati ya njia unaongea na simu, hukusogea. Na yale maparachichi unayoyakuta mlangoni kila ukiondoka, ulidhani ni mimi nayachuma? Mimi nikuchumie wewe?

Jina lake nalo mkwe halitamki. Wewe umelifanya kichwa cha habari.

Najua utasema kwa nini hatukukwambia. Ilikuwa kazi ya mama, na mama alikufa kabla hujaolewa. Ambokile amekulia bweni, mambo haya anayaona ushamba. Nilibaki mimi. Nilikuona unavyoumia na sikutaka kukwambia. Uliingia kwetu na kiburi chako cha mjini, nikasema acha jambo hili limchome kidogo. Hilo ndilo neno langu, na sikuombi msamaha.

Baba ameacha kukohoa. Anatembea uani kimya. Jana nilimuuliza, akasema, "Aliyekuwa anakoholewa amekataa."

Dada yake Ambokile,
Bupe

Ipogolo
3 Aprili 2024

Bupe,

Nimesoma nikiwa dukani, nikafunga duka.

Wewe ni mtu mbaya. Nasema hivi nikiwa nimetulia. Nilikueleza kabla ya kuiweka, nikakuomba neno, ukanipa amri. Sentensi moja tu, wifi. "Anakukoholea kwa heshima." Ungeiandika, nisingeweka kitu. Ulitaka niseme kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mimi si wa kwenu, nami mjinga nikasema.

Nimeifuta. Wengine wameshainakili na kuisambaza, hiyo siwezi kuirudisha. Ambokile nimemsomea barua yako, anasema hata yeye sasa ndiyo anaikumbuka mila hiyo.

Jumamosi nakuja. Sitaki chai yako. Nitasimama nyuma ya jiko, pale kwenye migomba, nimejifunika khanga. Mwambie baba apite, akohoe mara moja tu. Nitajisitiri vizuri, ataona.

Wifi yako,
Yudith

Mbalizi
4 Aprili 2024

Nimemwambia. Amesema, "Aje."

Bupe

Ipogolo
9 Aprili 2024

Bupe,

Nilifika salama, kama kuna aliyetaka kujua.

Wewe ulikuwa umejifungia ndani, kwa hiyo hukuona. Nilisimama pale nilipokuambia. Nikasubiri kikohozi. Nikasikia majani yanakanyagwa, nikasema bado, atakohoa sasa hivi. Nilipoinua macho alikuwa mbele yangu. Kumbe ana kovu dogo juu ya nyusi, sikuwahi kulijua. Nilitaka kukimbia, akaninyooshea mkono.

Akasema, "Karibu, dada Yudith. Za safari?"

Bupe, aliniita dada. Alinipa mkono kama anavyompa bwana shamba. Akaniletea kiti mwenyewe, akakaa mbele yangu, akanitazama usoni muda wote, akaniuliza mvua za Iringa na bei ya mbolea. Hakuwa na hasira hata kidogo. Nilisema, "Baba, nisamehe." Akajibu, "Nimekusamehe," kwa upole, kisha akauliza basi langu linaondoka saa ngapi. Ndivyo nilivyolilia kutendewa tangu nimeolewa, na nimetendewa.

Mlangoni hapakuwa na mfuko wa maparachichi. Niliangalia mara mbili.

Blogu nakuachia, nywila nakutumia kwa barua nyingine. Weka viazi, weka mbalaga, weka unachotaka. Ya ndani sina tena, maana nimeshatolewa nje. Wewe sikusamehi, na najua na wewe hunisamehe, kwa hilo angalau tumefanana.

Jana jioni Ambokile alikohoa kule uani kwetu, ni yale mafua yake yamerudi. Niliacha sufuria ikiungua, nikajikuta nimesimama nyuma ya mlango, nimejifunika khanga, nangoja apite.

Aliyekuwa mkwe wenu,
Yudith