Blanketi Ndani ya Kiondo

Kawangware, Februari 2008

Adhis, sasa?

Sukuma wiki zimerudi sokoni hapa kituo cha 56, lakini nyumba yenu ya mtaa wa Kongo bado ina kufuli tangu wale vijana wawafukuze baada ya uchaguzi.

Mradi wetu wa sayansi umeshinda! Ndengu tulizichemsha kidogo tu, tukazifungia ndani ya kiondo cha mama na blanketi lako ulilotuachia, zikaiva bila makaa. Mwalimu alionja akasema, “Haki, hii ni akili!” Kisha akataka kufuta jina lako kwa kuwa ulihama.

Wewe ndiwe uliyekuwa mdomo wa kikundi. Mbuvi wa kikundi chetu akanisukuma: “Bubu, ongea basi!”

Nikasimama. “Mwalimu, blanketi ni lake. Tukimtoa, chakula kinapoa.”

Jina lako limebaki. Blanketi nimelifua, rudi ulichukue.

Mimi, bubu wako,
Kaloki